Kufa Kuzikana na Fungu la Rafiki: Kumbukumbu ya Mhakiki wa Kaloleni

Utangulizi

Makala haya yanakusudia mambo mawili. Kwanza, yanairejelea riwaya ya Ken Walibora, Kufa Kuzikana (2003), ili kuchunguza dhana ya urafiki inayobebwa na anwani yake. Pili, yanamkumbuka mwenzangu katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili, aliyefariki mwaka uliopita, na ambaye tulibishana kuhusu riwaya hiyo kwa muda wa miaka kumi na miwili. Jina lake silitaji kwa kuheshimu matakwa ya jamaa zake. Wanafunzi wake watamtambua.

Huenda msomaji akauliza kama uhakiki na maombolezo yanaweza kukaa chini ya paa moja. Ada yetu katika majarida ya aina hii ni kuandika tanzia yenye tarehe, shahada na sifa, kisha kurejea kwenye uhakiki kana kwamba hakuna aliyeondoka. Ninavyoona mimi, kumkumbuka mhakiki bila ya kuukumbuka ubishi wake ni kumzika mara ya pili.

Kauli ya kutendana

Marehemu alikuwa na mazoea ya kulianza somo la riwaya hii kwa sarufi. Angeandika ubaoni kitenzi "zika", kisha "zikana", na kuwataka wanafunzi waeleze kazi ya kiambishi -an-. Wote wangejibu kwamba hiyo ni kauli ya kutendana: A humzika B, na B humzika A. Hapo ndipo angewauliza jambo hilo linawezekanaje. Watu wawili huweza kupigana, kupendana na hata kuuana. Hawawezi kuzikana, kwa kuwa yule anayetangulia kuzikwa hana tena mikono ya kumzika mwenziwe.

Hoja hii inaonekana kama mchezo wa maneno, lakini ina uzito. Rafiki wa kufa kuzikana ni mtu aliyeingia katika ahadi ambayo mmoja tu ataitimiza. Anayebaki hubeba pande zote mbili za kitenzi. Kwa mtazamo huu, anwani ya Walibora haisifu urafiki kwa ujumla tu. Inatuuliza ni nani atakayebaki, na atafanya nini na deni lisilo na wa kulilipa.

Daftari la Kaloleni

Marehemu hakuipata fikra hii katika vitabu vya nadharia. Alizaliwa na kukulia Kaloleni, mtaa wa Eastlands uliojengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Jumamosi nyingi tulisahihisha mitihani katika sebule ya mama yake, karatasi zikiwa upande mmoja wa meza na birika la chai upande wa pili. Ndani ya kabati la sebule hiyo mlikuwa na daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Mama yake alikuwa mweka hazina wa matanga.

Kila jirani alipofiwa, watu walikutana jioni kadhaa, wakachanga, na kila mchango ukaandikwa. Katika kurasa hizo majina ya Kijaluo, Kiluhya, Kikamba na Kikuyu yalifuatana bila mpango wowote ila mpango wa nani alifika kwanza. Fedha zilinunua jeneza na kukodi basi. Kisha maiti ilisafirishwa hadi kwao, na wengi wa waliochanga hawakuliona kaburi. Marehemu alizoea kusema kwamba mtaa wao haukuwa na makaburi. Ulikuwa na daftari.

Jambo hili linastahili kuzingatiwa na mhakiki. Katika mazingira ya Nairobi, haki ya kuzika na wajibu wa kuzika ni vitu viwili. Kesi ya maiti ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987, ilidhihirisha kwamba hata mjane, Wambui Otieno, angeweza kushindwa na ukoo mahakamani. Ikiwa mke alishindwa, rafiki atasimama wapi? Riwaya inayowaweka Akida na Tim, marafiki wa makabila mawili yenye uhasama, chini ya anwani hii inaligusa swali hilohilo.

Ubishi wetu

Tulitofautiana katika mambo mawili. La kwanza lilihusu majina. Walibora aliiita nchi yake Kiwachema, na makabila yake Wakorosho na Wakanju. Nilidai kwamba, baada ya mapigano ya kikabila ya 1992 na 1997, ubunifu huo ulikuwa njia ya kukwepa kuutaja ukweli wa Kenya. Marehemu alinijibu kwamba mkorosho na mkanju ni mti mmoja wenye majina mawili, na kwamba kejeli hiyo inasema zaidi ya orodha yoyote ya makabila halisi.

La pili lilihusu usimulizi. Akida husimulia katika nafsi ya kwanza. Tim tunamfahamu kupitia kwake. Niliona katika mbinu hiyo aina ya unyang'anyi: rafiki anayesimulia humiliki maisha ya rafiki anayesimuliwa. Katika nakala yangu niliandika pambizoni, "Tim mwenyewe yuko wapi?" Marehemu aliazima nakala hiyo, akairudisha baada ya muhula mzima. Chini ya swali langu alikuwa ameandika kwa penseli, "Muulize Akida kwa upole. Naye amebaki na Tim huyo tu."

Barabara ya Landhies

Tarehe 10 Aprili 2020, Walibora aligongwa na gari katika Barabara ya Landhies, karibu na Muthurwa, mwendo mfupi kutoka Kaloleni. Habari za kifo chake zilienea siku kadhaa baadaye. Wakati huo, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, safari za kuingia na kutoka eneo la Nairobi zilikuwa zimepigwa marufuku tangu tarehe 6, na idadi ya waombolezaji ilikuwa imewekewa mpaka. Mwandishi wa Kufa Kuzikana akazikwa Trans Nzoia bila ya wengi waliotamani kumzika.

Marehemu alinipigia simu jioni ya siku tulipopata habari. Alikuwa akiipita njia hiyo tangu utotoni. Hatukuzungumza juu ya majina wala usimulizi. Aliuliza tu kama kuna mahali pa kupeleka mchango.

Ilipofika zamu yake mwenyewe, marufuku hayakuwepo. Tulisafiri kwa basi hadi magharibi mwa Kenya, kwenye shamba ambalo alilijua kwa likizo tu. Wafanyakazi wenzake tuliketi katika hema la nyuma, na aliyeongoza hafla akatutengea dakika mbili. Silalamiki, ukoo ulikuwa na haki yake. Lakini dakika mbili hutosha sifa tu. Hazitoshi ubishi wa miaka kumi na miwili.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba "kuzikana" ni kitenzi kinachoahidi kisichowezekana, na kwamba fungu linalombakia rafiki, baada ya ukoo kuchukua lake, ni kumbukumbu walizoshiriki, zikiwemo zile walizogombania. Kwa kuyaandika, nimejikuta katika nafasi ya Akida niliyemshutumu. Nimemsimulia mtu asiyeweza kunisahihisha, na nimechagua mimi yapi yaingie na yapi yaachwe. Katika hoja ya usimulizi, basi, nakiri kwamba mwenzangu alikuwa sahihi: huo si unyang'anyi, bali ni kazi ya anayebaki, mradi akumbuke kwamba anasimulia nusu.

Katika hoja ya majina bado sijakubali. Nakala yenye maandishi yetu sote wawili nimeikabidhi kwa maktaba ya idara, ili watakaoisoma watupinge kwa pamoja.