DPF Haizibi Yenyewe

Uliza juu ya taa ya DPF, chujio la masizi ya dizeli, kwenye gereji za Mbagala, Tandika au Tegeta, na mara nyingi utapewa jibu moja kati ya mawili: ioshwe, au itobolewe. Majibu yote mawili yanaanzia mahali pabaya, kwa kuwa yanachukulia kwamba kilichoharibika ni chujio lenyewe. Kazi ninayoichambua hapa ilifanyika kwenye gereji ndogo ya uani karibu na Rangi Tatu, juu ya Mazda CX-5 ya dizeli. Nimeichagua kwa sababu fundi hakukimbilia spana. Alianza kwa kumuuliza mwenye gari maswali ya maisha: anaishi wapi, anafanya kazi wapi, anatoka saa ngapi, anajaza mafuta kiasi gani.

Gari lenyewe wengi wanalijua. CX-5 iliingia sokoni Japani Februari 2012, na injini yake ya dizeli ya lita 2.2 ilisifiwa kwa mgandamizo mdogo wa 14 kwa 1, kiwango cha chini kwa injini ya dizeli. Mgandamizo huo ulisaidia kupunguza gesi chafu bila kuhitaji tangi la urea. Masizi, hata hivyo, yalibaki kuwa kazi ya DPF. Gari likitumika Japani miaka kadhaa kisha likashushwa bandarini Dar es Salaam, linakuja na chujio ambalo tayari limekula sehemu ya umri wake, na muuzaji wa yadi hawezi kukuonyesha kwa macho limebakiwa na nafasi gani.

Kifaa hiki hakikuwekwa ili kuwasumbua wenye magari. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari akatikisa chupa ya plastiki iliyojaa masizi ya dizeli, ili watu waone wanachokivuta. Kuanzia Oktoba 2003, Tokyo na mikoa jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa ilizuia malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi, na mwenye gari la zamani alitakiwa kulifungia chujio au kuliondoa barabarani. Peugeot 607 ilikwishaingia sokoni na DPF mwaka 2000. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likauweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Ninayataja haya kwa sababu kituo cha daladala cha Rangi Tatu kina mapafu kama ya Tokyo.

Ndani ya kopo la DPF kuna kauri yenye vitundu vingi vyembamba, mfano wa sega la nyuki. Kila kitundu kimezibwa upande mmoja, na jirani yake kimezibwa upande wa pili, kwa hiyo moshi hauna njia ila kupenya ukuta wa kauri. Gesi inapita, masizi yanabaki. Baada ya kilomita mia kadhaa kompyuta ya gari huona masizi yametosha na kuanza kuyachoma: nozo hurusha dizeli ya ziada kwa kuchelewa, dizeli hiyo huungua kwenye kichocheo kilicho mbele ya chujio, na joto hupanda hadi nyuzi 600 au karibu yake. Masizi huwa gesi na kutoka. Kazi huchukua kama dakika 10 hadi 20, mradi gari liendelee kutembea na injini iwe na joto lake.

Hapo kwenye sharti la mwisho ndipo Dar es Salaam inapoingia.

Mwenye gari anakaa Chamazi na duka lake liko Kariakoo. Asubuhi anaingia foleni ya Kilwa Road, anasogea, anasimama, anasogea tena. Kilomita ni chache na saa ni nyingi. Mafuta anaweka ya elfu ishirini, na kesho tena elfu ishirini, taa ya mafuta ikiwa haiishi kuwaka. Wengi wetu tunajaza hivyo, na sababu zinajulikana. Lakini kwenye dizeli nyingi za kisasa kompyuta hukataa kuanza kuchoma masizi ikiona tangi linakaribia kukauka, maana kazi ile inakula mafuta. Kwa hiyo gari hili lilikuwa linanyimwa nafasi mara mbili: barabarani haliendi, na likipata mwanya halina mafuta ya kutosha.

Wengi wangeishia hapo, wakamwambia aoshe chujio na ajaze tangi. Fundi akachomeka mashine ya kupimia na kuliendesha gari kutoka gereji hadi Kongowe na kurudi, macho kwenye namba moja tu: joto la maji ya injini. Haikupanda kuvuka nyuzi sitini na kitu. Injini iliyopashika vizuri hukaa nyuzi themanini na kuendelea. Akafungua nyumba ya thamostati. Ilikuwa tupu.

Kuitoa thamostati ni mazoea ya gereji zetu tangu enzi za injini kuukuu zilizokuwa zikichemka kwenye joto la pwani, rejeta zikiwa zimejaa kutu ya maji ya bomba. Fundi anaiona kama kizuizi cha maji, anaitupa, gari linaacha kuchemka, mteja anafurahi. Kwa dizeli yenye DPF hilo ni balaa, na ubaya wake umejificha vizuri. Bila thamostati maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote. Foleni ikisimama, injini inaweza kupata joto kiasi. Gari likipata barabara wazi, upepo unapiga rejeta na maji yanapoa. Maana yake ni kwamba gari linakuwa baridi zaidi pale pale linapokimbia, wakati ambao ekzosi ina joto la kufaa na kompyuta ingependa kuanza kazi. Mwenye gari alikuwa ameshauriwa alipeleke safari ndefu ili taa izime. Alilipeleka hadi Kibiti, na taa ikarudi naye. Ushauri ulikuwa sahihi kwa gari lenye thamostati.

Zaidi ya hapo, injini isiyopashika hutoa masizi mengi zaidi, kwa sababu dizeli haiungui vizuri kwenye silinda zenye ubaridi. Chujio linapokea zaidi na linasafishwa kidogo, na siku moja gari linagoma kuvuta kwenye mlima wa Mtoni, huku watu nyuma wakipiga honi.

Wapo wanaolaumu dizeli yetu. Zamani walikuwa na haki. Tangu Januari 2015 nchi tano zilizokuwa kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo, Tanzania ikiwemo, zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, badala ya 500 za awali. Japani hutumia 10, kwa hiyo yetu si bora kuliko zote, lakini inatosha DPF kufanya kazi. Mafuta yaliyochakachuliwa ni hadithi nyingine, na ninawashauri watu wabaki na sheli moja wanayoiamini. Kwa gari hili sikuona sababu ya kuyatafuta makosa kwenye pampu.

Baada ya thamostati mpya, likaja suala la chujio, ambalo sasa lilikuwa limejaa kupita kiasi cha kuchomwa likiwa kwenye gari. Kulazimisha kuchoma masizi mengi namna hiyo kwa mashine ni hatari: yakishika moto yote kwa pamoja, hasa dereva akiachia mafuta ghafla na gari likabaki linaunguruma papo hapo, joto hupita nyuzi 1,000 na kauri hupasuka au kuyeyuka. Ndiyo maana ninawaogopa wanaofuta hesabu ya masizi kwenye kompyuta bila kugusa chujio. Taa inazima, kompyuta inaamini chujio ni jeupe, na masizi yapo yote.

Fundi alilowesha nati kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, akatoa sensa za joto kwanza kwa sababu hukatika kirahisi, kisha akashusha kopo. Kabla ya kufanya lolote aliwasha tochi na kumulika upande wa kutokea moshi. Kila anayetaka kulipia uoshaji aombe kuoneshwa upande huo. Uso wa kauri pale unatakiwa uwe msafi, rangi ya udongo mkavu au kijivu hafifu. Ukiwa mweusi, masizi yanapenya, kauri imepasuka ndani, na kuosha ni kupoteza fedha. Huu ulikuwa safi. Akalibeba kopo hadi duka la nafaka la jirani, likapimwa kwenye mizani ya mchele, akaandika uzito kwa chaki ukutani.

Kuosha kwenyewe kulikuwa kwa upole kuliko nilivyozoea kuona. Dawa ya kusafishia ilimiminwa na kuachwa iloweke, kisha maji ya mpira wa kawaida yakapitishwa kutoka upande wa kutokea kwenda upande wa kuingilia, kinyume cha moshi. Mwelekeo huo una sababu. Majivu husukumwa na moshi hadi mwisho wa vitundu na kujikusanya kwenye vizibo vya nyuma, na ukiosha kwa kufuata moshi unayashindilia zaidi. Mashine ya presha ya kuoshea magari haikutumika. Inavunja kauri, na inachana ule mkeka wa nyuzi unaoishika kauri ndani ya kopo. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama ya mkaa. Baadaye yakageuka kijivu, mazito kidogo, yakiacha tope laini chini ya karai.

Tope hilo la kijivu ndilo lililonishika zaidi. Masizi yanaungua, majivu hayaungui kamwe, hata ungeliendesha gari hadi Songea. Yanatokana na oili. Viungo vinavyowekwa kwenye oili kulinda injini vina kalsiamu, zinki na magnesiamu, na oili kidogo inayoungua kwenye silinda huviacha kwenye chujio moja kwa moja. Oili ya malori inayouzwa kwa kupimwa madukani, ya daraja la CI-4 au la zamani zaidi, haikutengenezwa kwa kuifikiria DPF. CJ-4, iliyokuja 2006, ndiyo ya kwanza katika mfululizo huo kuwekewa kikomo cha majivu cha asilimia 1. Kiwango cha Kijapani cha DL-1, kinachotumika kwa dizeli ndogo kama hii, hakizidi asilimia 0.6. Kidumu cha oili kilichokuwa kwenye buti la gari hili kilikuwa cha CI-4.

Kopo lilikaushwa juani siku mbili, likapimwa tena kwenye mizani ile ile, na lilikuwa limepungua. Likafungwa. Injini ikiwa imezimwa na swichi imewashwa, sensa ya tofauti ya presha ilisoma sifuri, kama inavyotakiwa. Isingesoma sifuri, vipimo vyote vya baadaye vingekuwa uongo. Mipira yake miwili ilipulizwa kuhakikisha haijaziba wala kupasuka. Hapo tu ndipo hesabu ya masizi ilipofutwa kwenye kompyuta. Kitu kimoja ningetaka kifanyike na hakikufanyika: kupima kama nozo zinavuja. Nozo inayovuja italijaza chujio upya hata thamostati ikiwa mpya.

Na kutoboa? Nimeona jinsi kunavyofanyika: grinda inakata kopo, nondo inavunja kauri, kopo linachomelewa, na gari linavuta vizuri siku hiyo hiyo kwa sababu moshi haukutani na kizuizi. Mteja anaondoka na furaha ya kweli. Lakini nozo mbovu imebaki mbovu na injini baridi imebaki baridi. Kompyuta isipobadilishwa huendelea kurusha dizeli ya kuchoma chujio ambalo halipo. Masizi yote yanamwagika usawa wa uso wa mtoto aliyebebwa mgongoni kituoni, wa mama lishe na wa dereva wa bodaboda anayesubiri nyuma ya gari. Fundi anayevunja kauri ile bila barakoa anavuta vumbi lake pia. Sioni namna ya kuitetea kazi hiyo, na mafundi wazuri waache kuiita matengenezo.

Alfajiri iliyofuata gari lilijazwa nusu tangi na kupelekwa njia ya Vikindu kuelekea Mkuranga. Vijijini mwendo ni 50 na trafiki wapo, kwa hiyo dereva alishikilia gia ya chini ili mizunguko ya injini isishuke sana. Joto la maji lilipanda hadi nyuzi themanini na kitu na kukaa hapo. Kabla ya Mkuranga joto mbele ya chujio lilivuka 600, na matumizi ya mafuta kwenye dashibodi yakaruka juu. Waliposimama njia panda, ule mfumo wa kuzima injini kwenye foleni ulikataa kufanya kazi, ishara kwamba uchomaji unaendelea. Hawakuegesha hadi ulipokwisha, na walipoegesha walikaa mbali na nyasi kavu.

Kazi ya mwisho ilikuwa oili. Dizeli inayorushwa kwa kuchelewa, kila uchomaji unapokatizwa kwenye foleni, sehemu yake huteleza ukutani mwa silinda na kushukia kwenye oili. Kijiti cha oili cha gari hili kina alama ya X juu ya ile ya kujaa, iliyowekwa kwa ajili ya jambo hilo hilo. Oili ya zamani ilikuwa imeikaribia X, nyepesi kwenye vidole na yenye harufu ya dizeli. Ilimwagwa, ikawekwa ya DL-1 hadi chini kidogo ya alama ya kujaa, na mwenye gari akaelekezwa achomoe kijiti kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha. Kiwango cha oili kikipanda, arudi bila kusubiri taa.