Stakabadhi za Fedha

Kati ya mabomba na sufuria zilizotoboka, kwenye vibanda vya vyuma chakavu Thika, medali ndogo haimshtui mtu. Imesawijika, utepe umeoza, pini imepinda. Mpima skrepu huijumlisha na vingine kwenye mizani. Mkusanyaji huigeuza mgongo kwanza.

Mgongoni ndiko kwenye habari. Simba anayetembea ni ushahidi wa fedha ya Uingereza, sehemu 925 kwa 1000. Nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, na herufi moja pekee hutaja mwaka iliopimwa. Ndipo huigeukia sura: enameli ya buluu, unga wa kioo ulioyeyushwa tanuruni ukashikamana na fedha, na juu yake bikari na guni, zana za mwashi.

Zana hizo ndizo huwatisha watu. Ni alama ya Frimasoni, chama cha kindugu ambacho jina lake nchini Kenya hutajwa kwa kunong'ona, ingawa jumba lao liko wazi Barabara ya Nyerere, Nairobi. Wengi huwahusisha na ushetani; mwaka 1994 Rais Moi hata aliteua tume ya kuchunguza ibada ya shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Mrithi anayekuta alama hizo kwenye kabati la marehemu huenda akazipeleka zikayeyushwe, na hiyo ni hasara kubwa.

Kwa sababu nyingi za medali hizi ni stakabadhi. Walipewa Frimasoni waliozunguka wakichangisha kwa ajili ya yatima: shule ya wasichana iliyoanzishwa mwaka 1788 na Bartholomew Ruspini, daktari wa meno kutoka Italia, na mfuko wa wavulana wa 1798. Kila mwaka ulikuwa na medali yake. Kiswahili chenyewe huita madini haya na pesa kwa neno moja, fedha, na hapa maana zote mbili zimekaa kwenye kifua kimoja.

Medali ya msanii Cyril Spackman inaeleza hivyo hivyo. Ilitolewa kwa aliyechanga angalau gini 10, yaani pauni 10 na shilingi 10, kujenga jumba la Frimasoni la kuwakumbuka waliokufa katika vita vya 1914–1918. Jumba hilo lilifunguliwa London mwaka 1933.

Zingefikaje huku? Reli iliingia Thika mwaka 1913, na walowezi wakashika mashamba ya mkonge na kahawa hadi Ruiru. Uhuru ulipokaribia, wengi waliuza wakaondoka. Si ajabu vidude vya makabatini vikabaki.

Mkusanyaji mzoefu hasugui medali. Enameli ikibanduka, kuirudisha kunahitaji moto unaoweza kuharibu iliyosalia. Kitambaa laini cha pamba kinatosha. Weusi ulio ndani ya michongo huuacha, maana ndio unaofanya herufi zisomeke. Kisha hufungua daftari: mahali, uzito, mihuri, bei. Ikiwa kuna jina lililochongwa, hulinakili kabla ya hayo yote.