Ufundi wa Kulisoma Wimbi la Teahupo'o

Teahupo'o ni kijiji kilichopo kusini-magharibi mwa rasi ya Taiarapu, kisiwani Tahiti, katika Polinesia ya Ufaransa. Barabara huishia hapo. Mbele ya kijiji upo mwamba wa matumbawe ambapo huvunjika wimbi linalohesabiwa miongoni mwa mazito kabisa duniani kwa wateleza mawimbi. Ubao na misuli havikosi kazi, lakini heshima ya mtelezaji mahali hapa hutokana na ujuzi wake wa kuisoma bahari.

Usomaji huanzia mbali. Kati ya Aprili na Oktoba, dhoruba za Bahari ya Kusini huzaa mawimbi makuu yanayosafiri siku kadhaa kabla ya kufika Tahiti. Mjuzi haulizi kimo cha wimbi peke yake. Huuliza pia sekunde zinazopita kati ya wimbi moja na jingine. Zikiwa 16, umbali wa kilele hadi kilele huko kilindini hukaribia mita 400, na wimbi huanza kuihisi sakafu ya bahari kwenye kina cha mita 200 hivi.

Teahupo'o hakuna mteremko mrefu wa kulipunguza nguvu wimbi hilo. Kilindi huishia ghafla mwambani. Sehemu ya chini ya wimbi hukawia, ya juu husonga, maji yaliyo juu ya matumbawe hunyonywa, kisha ukingo mnene hupinduka na kufanya pango. Kando ya hapo kuna mlango wenye kina: maji ya mito ya milimani hayana chumvi, na matumbawe hayastawi ndani yake. Huo ndio mlango anaotokea mtelezaji aliyesalimika.

Upepo mwepesi wa alfajiri kutoka milimani huulainisha uso wa bahari. Ule mkali wa kusini-mashariki, maraamu, huuvuruga. Kuhusu maji kujaa na kupwa, mvuvi wa Unguja aliyezoea bamvua la mita tatu na zaidi angestaajabu. Tahiti tofauti ni kama sentimita 30 tu, na maji hujaa karibu na adhuhuri na usiku wa manane, kwani huko jua hutawala kuliko mwezi.

Baada ya hesabu hizo huja subira. Mtelezaji huketi juu ya ubao, akilinganisha alama mbili za nchi kavu ili mkondo usimhamishe bila kujua. Mawimbi yakija kwa kundi, mara nyingi huliacha la kwanza lipite. Akishachagua lake, hupiga makasia kwa mikono, husimama mara moja, kisha huburuza kiganja kwenye ukuta wa maji apunguze kasi, pango limfunike. Akichelewa kidogo tu, ukingo humbwaga juu ya matumbawe.

Tarehe 17 Agosti 2000, Laird Hamilton wa Hawaii aliteleza hapa juu ya wimbi zito lililobadilisha fikra za wengi kuhusu kinachowezekana. Mwaka 2024 mashindano ya mchezo huu katika Olimpiki ya Paris yalifanyika papa hapa. Dhahabu ya wanaume ilitwaliwa na Kauli Vaast, mwana wa Tahiti aliyelijua wimbi hili tangu utotoni.