Aliyeutunga

Kutunga wimbo wa Kiswahili ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo vina vinajileta vyenyewe. Hata mtoto wa darasa la tatu atakupangia penda, soma na cheka. Mtunzi hodari huvikataa vinavyokuja mbio. Hutafuta silabi nzima inayolingana, kama washairi wa pwani walivyozoea, na akiipata huipima tena kwa sikio, maana mkazo wa neno letu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti ya wimbo ikimlazimisha mwimbaji akaze silabi ya mwisho, neno linavunjika mdomoni, na msikilizaji anahisi kasoro asiyoweza kuitaja.

Mtazame akiwa kazini. Prodyuza anarudia biti ileile, mtunzi kakaa pembeni na simu inarekodi, naye anaghuna tu, bila neno hata moja. Akishaikamata sauti anajaribu "nakupenda". Silabi nne, mkazo kwenye "pe", lakini sauti inapanda baadaye kidogo. Anafuta. Anajaribu "nimekuzoea". Sasa mkazo umekaa pale pale sauti inapopanda, na maana nayo imesogea, kwa kuwa uliyemzoea ni mgumu kumwacha kuliko uliyempenda jana. Hapo anatabasamu, anaomba biti irudiwe.

Nausifu ufundi huu kwa sababu wanamuziki wakikaa kujadili namna ya kuishi na intaneti, ufundi huo huwa wa mwisho kutajwa. Mazungumzo huanzia kwenye watazamaji wa YouTube na vipande vya TikTok. Hesabu zenyewe zinatisha kweli: Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa mwaka hauingizi kitu huko. Ndiyo maana wengi wanakimbilia kuweka kiitikio mwanzoni kabisa. Siwalaumu. Ila mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, na wimbo wake "Shida" ungali unasikilizwa kwenye simu za vijana waliozaliwa miaka mingi baada yake. Kinachozuia kidole kisiruke wimbo ni mstari wenye jambo ndani yake, na huo hutoka kwa mtunzi.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni jina. Katika taarabu mwenye mashairi, aliyetia sauti na anayeimba wanaweza kuwa watu watatu, na wapenzi wa kikundi wakawajua wote. Simu inakuonyesha picha ya mwimbaji tu. Na fedha nazo zina njia mbili: kuna haki ya rekodi na kuna haki ya utunzi. Sehemu kubwa huenda kwa mwenye rekodi, kupitia msambazaji aliyeupandisha wimbo. Fungu la utunzi ni dogo zaidi, hupita kwa wakusanyaji wa mirabaha, na humfikia yule tu ambaye jina lake limesajiliwa. Aliyelipwa hela ya mkononi studio akaondoka bila karatasi, kwa wakusanyaji hao hayupo.

"Malaika" inatosha kuwa funzo. Fadhili William aliirekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akaipeleka duniani, Boney M. nao wakaiimba. Hadi leo wapo wanaoapa kwamba mtunzi ni Adam Salim, na wapo wanaomtaja Lucas Tututu. Wimbo unaojulikana kuliko karibu wimbo wowote wa Kiswahili, na bado tunabishana ni wa nani! Zama zile kisingizio kilikuwepo. Leo ujumbe mmoja wa WhatsApp, ulioandikwa kabla watu hawajatoka studio, ukitaja nani katunga maneno, nani katunga sauti na kila mmoja ana asilimia ngapi, ungemaliza ubishi. Tunaona haya kuutuma. Tunasema "tutaelewana, sisi ni ndugu", na undugu huo huo ndio unaovunjika wimbo ukishapendwa. Vijana wa kazi hii, tumeni huo ujumbe. Kisha pelekeni wimbo ukasajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania iliyotokana na sheria ya 1999.

Intaneti imefungua mlango mwingine ambao watunzi wengi hawajauingia. Asiye na sauti ya kuimba anaweza kuonyesha beti zake mwenyewe, akajulikana kwa kalamu. Familia iliyoko Muscat inaweza kumwagiza wimbo wa harusi kwa simu, ikatuma majina ya maharusi na sifa za ukoo, ikalipa kabla wimbo haujarekodiwa. Kazi ya kutunga kwa maombi ni ya zamani sana pwani. Kilichopungua ni umbali.

Nasi wasikilizaji tuna la kufanya. Spotify ina ukurasa unaoorodhesha waliohusika na wimbo. Nikipenda wimbo naufungua ukurasa huo, natafuta nafasi ya mtunzi. Nikikuta jina, naliandika mahali na kutafuta nyimbo zake nyingine. Nikikuta patupu, namwandikia mwimbaji kumuuliza nani katunga, na wapo wanaojibu.