Mwalimu na Patasi Yake

Msomaji kijana, wako wasemao kwamba msanii akishika chaki huiacha patasi ishikwe na kutu. Mimi sikubali upesi. Chukua mfano wa Gregory Maloba, Mkenya aliyefundisha uchongaji Makerere miaka mingi kabla ya kuja kufundisha Nairobi. Alikuwa angali mwalimu huko Makerere alipoifanya ile Sanamu ya Uhuru isimamayo Kampala tangu 1962.

Ukijaliwa kufika huko, usiipite mbio. Mama amesimama, mwili umezongwa vitambaa kama wa majeruhi; amemwinua mtoto juu, naye mtoto amenyosha mikono mbinguni. Penye vile vitambaa namsikia mwalimu. Anaeleza kifungo cha ukoloni waziwazi, asije mwanafunzi aketiye nyuma kabisa akakosa kufahamu. Kwa maoni yangu amezidisha kidogo. Lakini pandisha macho hadi mikono ya yule mama. Haielezi neno. Ni mizito, nayo inabeba. Huwezi kujua kama inampokea mtoto au inaagana naye. Hapo mwalimu amenyamaza, fundi akashika kazi.

Je, angalichonga zaidi kama asingalikuwa na madarasa? Huenda, saa zilizotumika kusahihisha kazi za wengine hazirudi. Hata hivyo mimi siwezi kuitazama mikono ile nikasahau kwamba aliyeifanya alishinda kila siku kati ya vijana wa rika lako, akiwangoja wajue kutumia yao.