Mwenye Nyumba Ni Nani?

Mlangoni mwa kanisa letu pamebandikwa karatasi moja inayoeleza Sheria ya Jamaa kwa Kiswahili. Walioitunga sitawataja. Walikuwa na nia njema, tena walifanya kazi ambayo wakubwa wao waliiacha. Walakini nimeisoma mara nyingi, na kila mara nakwama penye maneno matatu. Naomba tuyachunguze pamoja, maana nusura yamtoe mjane nyumbani mwake.

Kwanza habari ya sheria yenyewe. Tarehe 1 Agosti 1987 nchi yetu, iliyoitwa Zaire siku zile, ilipata kitabu cha Sheria ya Jamaa, chenye vifungu zaidi ya 900, kwa Kifaransa. Humo mna ndoa, mahari, watoto, urithi. Kifungu cha 448 na vilivyofuata vilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa mkataba, kununua, kuuza, au kushtaki mbele ya tribinali. Ilikuwa hivyo kwa miaka karibu 30. Ndipo sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 ilipoiondoa ruhusa ile. Sasa mume na mke wanatakiwa kupatana, wote wawili, juu ya mambo yanayowafunga.

Basi karatasi yetu inasemaje? Inasema mke asifanye mkataba “pasipo ruhusa na mapatano ya mume”. Kumbe ruhusa imerudi! Iliyofukuzwa kwa Kifaransa mjini Kinshasa imeingia tena kwa Kiswahili mlangoni mwa kanisa. Mtu anayepatana na mwenzake amekaa naye kiti sawa. Anayeomba ruhusa amesimama. Mtoto wa darasa la tatu anaijua tofauti hiyo, maana kila siku humwomba mwalimu ruhusa ya kutoka nje.

Neno la pili ndilo baya zaidi. Kifungu cha 444 kinamwita mume kwa Kifaransa “chef du ménage”. Karatasi imeandika: “mume ni mwenye nyumba”. Mama mmoja wa mtaa wetu alifiwa na mume wake. Nyumba yao ya matofali waliijenga wawili, yeye akiuza samaki na mafuta ya mawese, mume akifanya kazi ya useremala. Matanga hayajaisha, shemeji yake akaja na ile karatasi mkononi. Akasema: sheria inanena ndugu yetu alikuwa mwenye nyumba, mwenye nyumba amekufa, basi nyumba ni ya ukoo wake. Yule mama akaja kwangu jioni. “Mwalimu, ni kweli imeandikwa hivyo?” Nikamjibu, “Mama, imeandikwa, lakini si hivyo.” Akanitazama kama mtu aliyepewa fumbo, wala simlaumu.

Maana kwetu mwenye nyumba ndiye mwenye mali, yule anayedai kodi mwisho wa mwezi. Kifaransa kile hakisemi neno juu ya mali. Habari ya mali iko kwingine katika kitabu kilekile. Watu waliooana pasipo kuchagua utaratibu mwingine, vitu walivyovipata katika ndoa ni vyao wote wawili. Mmoja akifa, nusu ni ya aliyebaki, wala si urithi. Ni yake tangu mwanzo. Nusu ya marehemu ndiyo inayogawanywa. Watoto hupata robo tatu zake, msichana sawa na mvulana. Robo inayobaki ni ya makundi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Makundi yote yakiwapo, kila moja hupata sehemu moja katika kumi na mbili. Pigeni hesabu wenyewe: katika nyumba ile ndugu wote wa marehemu, hata wakiwa kumi, wanapata sehemu 1 katika 24. Tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi, kama mtu anayekula matunda pasipo kukata mti. (Mama huyu alikuwa na cheti cha ndoa cha serikali. Wenzangu makatekista, tuwaambie wachumba kwamba cheti cha padri peke yake hakitawafaa siku hiyo mbele ya mwamuzi.)

Neno la tatu ni “kurithi”. Karatasi inasema: “Ndugu wa mume nao hurithi.” Ni kweli, sehemu ndogo tuliyoihesabu. Lakini katika vijiji vyetu kurithi si mali tu. Hurithiwa jina, hurithiwa kiti cha mzee, na mjane naye alirithiwa. Mzee akisoma maneno hayo, ataelewa nini? Heri wangeandika: “hupata sehemu ya mali”.

Mwalimu mmoja rafiki yangu ananipinga. Anasema Kiswahili hakina maneno ya sheria. Nashangaa. Deni, rehani, dhamana, amana, wosia, shahidi: je, maneno hayo tumeyapata Brussels? Maneno yapo, kazi ndiyo haikufanywa. Na kazi hiyo ina mwenyewe. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 142, inaiagiza serikali kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndiyo Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, katika siku 60 tangu kutiwa sahihi. Kwa sheria ya 2016, siku ya sitini ilikuwa 13 Septemba. Katika misioni yetu hakuna aliyeletewa kitu. Ndiyo maana watu wema walijaribu wenyewe, wakakosea.

Wala siwatwiki wafasiri mzigo wote. Sheria yenyewe ina kosa lake. Walipoondoa ruhusa mwaka 2016, walimwacha mume kuwa mkuu wa nyumba, ingawa kifungu cha 14 cha Katiba kinataka kila namna ya kumbagua mwanamke iondolewe. Ukiacha shina lile, usishangae likichipuka katika karatasi ya mlangoni. Na nikiri: penye umri wa ndoa, miaka 18 kwa wote, ambapo kitabu cha 1987 kiliwaruhusu wasichana wa miaka 15, karatasi imesema wazi na vizuri.

Mama yule bado yumo nyumbani mwake. Shauri liko tribinali ya amani. Nami Jumamosi iliyopita nilichukua kalamu, nikafuta “ruhusa na”, nikafuta “mwenye nyumba”, nikaandika juu yake “mkuu wa jamaa”. Padri ameona. Hajaniuliza neno.