Ngoja Kwanza Uione

Kijana anayetutengenezea fomu ya kuandikisha watoto wa madrasa alinigeuzia kompyuta yake juzi, akaniambia, "Mama, ngoja kwanza uione." Nilikuwa nimechagua picha ya mtoto, na kidole tayari kinatafuta kitufe cha kuhifadhi. Picha ikajitokeza palepale chini ya jina, ndani ya mraba wenye umbo lile litakalokuwa kwenye kitambulisho. Wala haikuwa imekwenda popote. Brauza yenyewe inaisoma faili na kuipa anwani ya muda isiyofanya kazi nje ya brauza ile. Ukighairi, hakuna seva iliyoiona, na bando lako halijaguswa.

Maneno yale nilikuwa sijayasikia tangu utotoni, kwa fundi picha.

Baba alikuwa akitupeleka studio mara moja kwa mwaka, Idi pili, tukiwa bado tunanukia udi. Fundi picha wetu hakuwa na pupa. Akishasafisha filamu, alizilaza negativu juu ya karatasi akazichapa zote pamoja kwa udogo wao uleule, nyuso kama punje za kunde, safu kwa safu. Baba akirudi baada ya siku tatu, aliwekewa mezani karatasi ile, kioo cha kukuzia na kalamu nyekundu. Huyu kafumba macho. Huyu kageuka. Hapa mama yenu kacheka vizuri. Yeye na fundi walibishana kwa sauti ya chini, kama watu wanaojadili posa, na mimi nimeshikilia ukingo wa meza nikisikiliza. Mwishowe baba alizungushia duara picha moja tu, na hiyo ndiyo iliyoingia chumba cha giza kukuzwa. Siku moja fundi aliniruhusu nisimame naye chini ya taa nyekundu, ambayo karatasi ya picha haiioni. Nyusi za mama zilitangulia kutokeza kwenye maji ya dawa, zikafuata nywele, kisha kicheko.

Pwani nzima ilikuwa na mafundi wa namna hiyo. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na nyumba ngapi za Mji Mkongwe zina ukutani sura zilizopitia mikononi mwake!

Fomu za intaneti hazikuanza na adabu hiyo ya kumwonesha mtu picha kwanza. Zamani picha ilibidi isafiri mpaka kwenye seva ndipo irudi kuonekana. Mwaka 2009 W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilitoa rasimu ya kwanza ya File API, na taratibu brauza zikaweza kusoma faili ambayo mtumiaji mwenyewe ameichagua. Njia ipo, basi, na ni mistari michache tu ya JavaScript. Ndiyo maana naumia kuona wengi hawaipiti.

Mpwa wangu alivaa mwaka mzima kitambulisho chenye sura yake imelala ubavu. Mimi ndiye niliyeituma picha ile, kwenye fomu iliyonionesha jina la faili tu, herufi na tarakimu, kisha ikanishukuru. Kijana amenieleza sababu. Simu huhifadhi picha jinsi kamera ilivyoshikwa, kisha huandika ndani ya faili agizo dogo: nigeuze. Programu ikilidondosha agizo hilo, mtoto analala. Tena tangu 2020 brauza kubwa zinalitii zenyewe, kwa hiyo fundi mzembe anaweza kukuonesha mtoto aliyesimama, akahifadhi aliyelala. Huyu wetu huigeuza picha yenyewe kabla ya kuituma, ili ulichokiona ndicho kihifadhiwe. Ukibadilisha picha, anaifuta ile anwani ya muda, isibaki ikila kumbukumbu ya simu duni ya mtu. Hakuna atakayemsifu kwa hilo, maana halionekani.

Nilimwuliza kama wenzake nao hufanya hivyo. Akasema wateja wanataka fomu iishe leo.

Studio yetu sasa inauza makava ya simu. Karatasi moja ya vile vijipicha ninayo bado, imekunjika katikati, duara jekundu limefifia likawa rangi ya chai. Mpwa wangu aliponiuliza wale wengine wasiozungushiwa duara ni akina nani, nilimwambia ni sisi sisi. Akainamisha shingo ubavu kuvitazama, kwa mazoea aliyoyapata mwaka ule.